Mgombea Hujichora Mwenyewe: Majibu ya Barua Zenu Kuhusu Katuni za Kampeni

Mhariri amenipa kurasa mbili nijibu barua zilizoingia baada ya toleo letu la katuni za uchaguzi. Nimezisoma zote. Zenye matusi matupu nimeziweka kando. Zenye matusi na swali ndani yake nimezijibu. Majina yenu nimeyaacha makusudi, maana kampeni zitapita na ninyi mtabaki na majirani walewale.

*Shikamoo mzee wetu. Nafundisha uraia kidato cha tatu hapa Morogoro. Darasani wamebishana mpaka kengele ikalia: wengine wanasema katuni inaweza kumwangusha mgombea, wengine wanasema ni kichekesho cha kufungia maandazi kesho yake. Wewe unawapa nani ushindi?* — Mwalimu, Morogoro

Marahaba, Mwalimu. Wape wale wa maandazi, ila kwa sababu nyingine kabisa.

Angalieni rekodi. Kule Uingereza Steve Bell wa gazeti la The Guardian alimvalisha waziri mkuu John Major chupi nyeupe juu ya suruali, mtu anayejaribu kuwa Superman na nguo zikamkataa. Watu walicheka mpaka basi. Tarehe 9 Aprili 1992 wakaenda kupiga kura, Major akashinda. Afrika Kusini, mchora katuni Zapiro alikuwa amemwotesha Jacob Zuma bomba la kuogea kichwani tangu mwaka 2006. Ilipofika Aprili 2009 chama cha Zuma, ANC, kikazoa asilimia 65.9. Kenya, mchora katuni Gado alimchora Uhuru Kenyatta akiburuta mnyororo wenye tufe la chuma mguuni, kwa ajili ya kesi iliyomngoja kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Jinai. Machi 2013 Uhuru akatangazwa mshindi kwa asilimia 50.07, na Mahakama ya Juu ikaubariki ushindi huo mwisho wa mwezi. Hizo ni alama tatu kati ya kali kuliko zote zilizowahi kuchorwa, na wote watatu waliingia ikulu, au walibaki humo. Anayedhani katuni inaangusha serikali hajawahi kukesha kwenye chumba cha habari usiku wa matokeo.

Sasa wape na wale wa upande wa pili kitu cha kutafuna. Mwaka 1984 televisheni ya Uingereza ilianza kuonyesha vikaragosi vya mpira vilivyoitwa Spitting Image. Wakati huo kulikuwa na muungano wa vyama viwili, chama cha Liberal cha David Steel na SDP ya David Owen. Kwenye makaratasi walikuwa viongozi sawa. Vikaragosi vikamfanya Steel kijitu kidogo anayekaa mfukoni mwa Owen na kuchungulia nje kwa sauti nyembamba. Ulipofika uchaguzi wa 1987, kila Steel alipopanda jukwaani, watu walikuwa wameshamweka mfukoni. Baadaye mwenyewe alikiri kwamba kikaragosi kile kilimharibia. Hakuna anayeweza kukuonyesha kura iliyopotea kwa sababu hiyo, lakini mtu aliyekuja kujitambulisha kama kiongozi alikuta ameshatambulishwa. Kenya nao walipata vikaragosi vyao mwaka 2009, XYZ Show, Gado akiwa mmoja wa walioanzisha, na wanasiasa wa Nairobi walijifunza haraka kwamba heri kuwa kikaragosi kuliko kusahaulika.

Huyo Gado, kwa wanafunzi wasiomjua, ni Godfrey Mwampembwa, mzaliwa wa Dar es Salaam, aliyehamia Nairobi mwaka 1992 kuchorea Daily Nation. Waambie ni wa kwetu.

*Mzee, mimi ni mwanafunzi wa sanaa, Bagamoyo. Nataka kuchora wagombea lakini huyu anayenivutia hana sura ya kuchoreka. Hana kipara, hana kitambi, meno yamepangika. Nimemchora mara nyingi anatoka kama mfanyakazi wa benki. Nianzie wapi?* — Mwanafunzi, Bagamoyo

Mwanangu, umeanza na kipara, kitambi na meno. Wengi huanzia hapo, na wengi hawatoki hapo mpaka wanastaafu.

Funga macho, fungua masikio. Mimi nikitaka kumjua mgombea mpya huipa televisheni mgongo wakati wa hotuba yake. Nikimtazama, nitachora tai. Nikimsikiliza tu, mapema au baadaye atasema neno ambalo msemaji wake wa chama angelipa pesa lirudishwe mdomoni. Hilo ndilo unalolitafuta. Alama nzuri ya katuni haitoki kwa mchoraji; mgombea hukuletea mwenyewe, tena bure.

Chukua Zuma. Mwaka 2006 alikuwa mahakamani kwa shtaka la ubakaji, na Mei mwaka huo aliachiwa huru. Lakini akiwa kizimbani alieleza kwamba baada ya kulala na mwanamke aliyejua ana virusi vya UKIMWI, alioga ili kupunguza hatari ya kuambukizwa. Mtu huyu aliwahi kuongoza baraza la taifa lao la UKIMWI! Zapiro hakuhitaji kumkuza kichwa wala midomo. Alichomeka bomba la kuogea utosini, basi. Tangu siku hiyo ungeweza kumchora Zuma kwa mgongo, gizani, kwa ukubwa wa punje ya mchele, ukaongeza lile bomba, na mtoto wa shule akajua ni nani. Ona pia ustadi wa baadaye: baada ya uchaguzi wa 2009 Zapiro alimpa rais mpya muda wa kujirekebisha, akalitoa bomba kichwani na kulining'iniza hewani juu yake. Halafu mambo yakaharibika, bomba likarudi mahali pake. Alama ilikuwa imegeuka kipimo cha tabia. Hiyo ni kazi ya miaka, haiji kwa katuni moja.

Chukua tufe la Gado. Uhuru Kenyatta na William Ruto walikuwa washtakiwa wa ile mahakama ya kimataifa iliyoko The Hague na wakati huohuo mgombea na mgombea mwenza wake. Wakili angekwambia hiyo ni hali ya kisheria. Mchoraji anauliza: mtu mwenye kesi anatembeaje kwenda ikulu? Anatembea akivuta kitu. Gado akawafunga mnyororo, na kuanzia hapo kila alichowachora wakifanya, kuhutubia, kucheka, kupeana mikono na mabalozi, lile tufe lilikuwepo sakafuni. Hakulieleza. Hakuliandikia maneno. Kwenye mdahalo wa Februari 2013 mpinzani wao Raila Odinga alisema itakuwa vigumu kuendesha serikali kwa Skype kutoka The Hague. Mzaha mzuri, ukumbi ulicheka, lakini ulihitaji sentensi nzima. Tufe halikuhitaji hata neno.

Hapo hapo ujue hatari yake, maana shuleni hawatakwambia. Upande wa Jubilee, muungano wa Uhuru na Ruto, ulizunguka nchi ukisema kesi ile ni ya mabeberu. Mfuasi wao akitazama tufe, hakumwona mtuhumiwa. Aliwaona Wazungu waliomfunga. Mchoro uleule, wino uleule. Kwa hiyo usidhani unamwandikia msomaji aliyekaa peke yake. Kampeni imeshampitia kabla yako.

Tukija kwenye kosa ninaloliona sana kwa vijana, nawe umelifanya kwenye ule mchoro wa pili ulioambatanisha: unachukua alama ya kampeni na kuifanya alama ya katuni. Mwaka 2022 chama cha Ruto, UDA, kilikuwa na wilibaro kama nembo, na wimbo wao ulikuwa mahasla, watu wa chini wanaojitafutia. Wachoraji wakafurahi: wilibaro inachoreka vizuri mno, ina gurudumu, ina mikono, unaweza kupakia chochote. Wakaijaza magazetini. Sasa fikiri kama mkurugenzi wa kampeni: gazeti la wapinzani linakuchapishia nembo yako kila asubuhi, na mpiga kura ataikuta nembo ileile kwenye karatasi ya kura. Ungenuna? Mimi ningemtumia mchoraji soda. Vivyo hivyo Tanzania mwaka 2015 na jina la Tingatinga. Wapambe wa Magufuli ndio waliolitaka, kwa hiyo ukimchora akiwa tingatinga linalobomoa kila kitu, wao wanaona bango la chama. Kama huwezi kuikwepa nembo, basi angalia kinachopakiwa ndani ya hiyo wilibaro na nani anaisukuma. Wachache walifanya hivyo. Wengine walipaka rangi tu.

Kuhusu mgombea asiye na sura: Thomas Nast, Mmarekani wa Harper's Weekly, alipata shida kama yako kwenye kampeni ya urais ya 1872. Mgombea wa upinzani, Horace Greeley, alijulikana: miwani, ndevu zilizozunguka shingo, koti refu jeupe. Lakini mgombea mwenza wake, Gratz Brown, Nast hakuwa na picha yake. Akafanya nini? Akamchora kama kijikaratasi kilichoning'inia nyuma ya koti la Greeley, kimeandikwa jina. Picha zilipopatikana hakubadilisha. Mgombea mwenza mzima akapita kampeni yote akiwa lebo ya nguo! Kwa hiyo usilalamike kuhusu mfanyakazi wa benki. Kama mgombea wako ni wa kunyooka na kunyamaza, huenda kunyamaza kwake ndiyo habari. Amenyamazia nini?

Mwisho, jambo la mkono. Chora rafu yako ndani ya mraba usiozidi kiberiti. Kama hatambuliki hapo, hatatambulika gazetini, ambako karatasi hunywa wino na mistari myembamba huungana ikawa doa. Wala hatatambulika kwenye simu ya mtu aliyebanwa kwenye daladala ya Mbagala. Ukitaka kuandika jina lake kifuani, mchoro haujaiva.

*Wewe na wenzako mmelipwa shilingi ngapi? Kinara wetu mnamchora kila siku, yule mwingine mnampapasa kama yai. Jibu kama una ujasiri.* — Msomaji mwenye hasira, Mombasa

Bwana, barua yako imefika pamoja na ya jirani yako wa Likoni, anayedai kwamba kinara wenu nimemchora kwa huruma hadi amependeza. Nawashauri mkutane kwenye feri, mbadilishane barua, mniache nichore.

Swali lako lakini lina mfupa ndani yake, nisikwepe. Usawa wa katuni haupimwi kwa rula. Anayeshika serikali atachorwa zaidi kuliko anayeitafuta, kwa sababu ndiye mwenye bajeti, polisi na barabara. Anayesema sana atachorwa zaidi kuliko anayesema kidogo. Kinara wenu alihutubia mikutano mingi kwa siku moja akitumia chopa, na kila mahali akaahidi kitu tofauti na alichoahidi mahali pa mwanzo. Ulitaka nichore nini, chopa peke yake? Kile ambacho ungenikamata nacho ni kama wawili wangefanya tendo lilelile nami nikamchora mmoja. Nitafutie mfano huo, nitauchapisha hapahapa.

Kuhusu malipo. Miaka yangu ya gazetini, kigogo mmoja wa chama, simtaji, aliwahi kumpigia mhariri wa zamu simu alfajiri, anafoka, kwa sababu nilimchora amelala jukwaani huku mgombea wake akihutubia. Simu ilisikika mpaka meza ya michezo. Jioni ya siku hiyohiyo dereva wake alikuja na bahasha: mzee anaomba kuununua mchoro wenyewe, ule wa wino, auweke fremu. Nikauza. Nasikia uko sebuleni kwake mpaka leo na huwaonyesha wageni. Hayo ndiyo malipo pekee niliyopata kutoka chama cha siasa, na risiti nilitoa.

*Hujambo baba. Sisi akina mama tunaofuatilia siasa hapa Mwanza tunaona mgombea mwanamke akichorwa, basi ni makalio, wigi na midomo. Mwanaume anachorwa kwa sera zake. Hivi wachoraji wote ni wanaume?* — Mama wa Nyamagana

Sijambo, mama. Karibu wote, ndiyo, na inaonekana.

Malalamiko yako ni ya haki na nitakwenda mbali kidogo kuliko ulivyotaka. Ukichora makalio ya mgombea, hujasema lolote juu ya mgombea. Umesema juu ya macho yako. Kitu alichozaliwa nacho mtu hakikujibu swali la kwa nini apewe au asipewe nchi. Wale wa Spitting Image hawakuwa watu wa adabu, Mungu anajua, lakini kwa Margaret Thatcher walikwenda kwenye tabia: wakamvalisha suti ya kiume, wakampa sigara nene, wakamfanya awatishe mawaziri wake kama wanafunzi wa bweni. Alikuwa anawatisha kweli. Ukimpenda au ukimchukia, hukupata shida kuona anasemwa kwa jinsi alivyotawala.

Sasa mtazame Martha Karua wa Kenya. Aprili 2009 alikuwa waziri wa sheria akaandika barua ya kujiuzulu, jambo ambalo mawaziri wetu hulifanya kwa nadra kama mvua ya Julai. Mwaka 2013 akagombea urais, 2022 akawa mgombea mwenza wa Raila. Mwanamke anayeweza kuacha gari la serikali barabarani akatembea kwa miguu: hapo pana katuni za kutosha, za kumsifu na za kumuumiza pia, maana kila aliyekaa naye muungano mmoja alipaswa kujiuliza barua itaandikwa lini. Mimi ningemchora na bahasha mkononi, imefungwa, kila siku. Wengi walichora nywele.

Vazi ni suala lingine. Mtandio wa Rais Samia unamtambulisha kama kofia pana inavyomtambulisha Museveni, na kutambulisha si dhambi. Ila ukifika kwenye utani, utani usiwe juu ya mtandio.

Umenigusa, kwa hiyo niseme na kuhusu maradhi, ingawa hukuuliza. Tarehe 3 Desemba 2002, wiki chache kabla ya kura, mgombea urais wa Kenya Mwai Kibaki alipata ajali ya gari. Akatibiwa London, akashinda uchaguzi wa tarehe 27, akaapishwa tarehe 30 akiwa kwenye kiti cha magurudumu, mguu kwenye plasta. Kiti kile hakukichagua. Kukichora kama sehemu ya picha ya siku ile, sawa, ndivyo ilivyokuwa. Kukifanya ndiyo dhihaka yenyewe, hapana. Linganisha na Tanzania 2015. Kampeni ilijaa minong'ono ya nani mzima na nani mgonjwa, na Magufuli akaamua kupiga pushapu mbele ya umati. Pushapu hizo ni halali yangu kabisa! Amezipiga mwenyewe, jukwaani, kwa hiari, ili kusema jambo kuhusu mpinzani bila kulisema. Mchore mpaka mikono imuume. Lakini kumchora Lowassa, mgombea wa upinzani, akitetemeka, kwa sababu tu wapinzani wake walitaka tumwone anatetemeka, ni kufanya kazi ya mwenezi wa chama bila mshahara.

Nast niliyemsifu hapo juu alivuka mpaka huo, na siwezi kumtaja mara mbili nikaficha. Alimwandama Greeley wiki baada ya wiki, mpaka akamchora akinyoosha mkono juu ya makaburi kuwapa wauaji. Greeley alisema hakujua tena kama anagombea urais au anagombea jela. Mke wake alifariki siku chache kabla ya kura, yeye akashindwa vibaya, na tarehe 29 Novemba 1872 naye akafariki, hata wajumbe wa kumpigia kura rasmi hawajakutana. Simlaumu Nast kwa vifo. Namlaumu kwa makaburi.

*Kaka, nimetumiwa katuni ya mgombea kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Nilipotaka kuisambaza shemeji yangu ambaye ni mwanasheria akanambia nitalala selo. Ananitisha au ni kweli?* — Temeke

Msikilize shemeji, yeye ana leseni na mimi nina kalamu. Nakupa ninachokijua tu.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ilianza kutumika tarehe 1 Septemba mwaka huo, wiki chache kabla ya kura ya Oktoba 25, na kifungu chake cha 16 kinahusu kuchapisha taarifa za uongo. Mchoro wa wino unaoonekana wazi ni mchoro ni maoni. Hakuna anayedhani mgombea ana bomba kichwani kweli. Mimi ningeogopa zaidi zile picha zilizotengenezwa zifanane na picha halisi, au maneno yaliyobandikwa na nembo ya gazeti kana kwamba mgombea aliyasema. Hizo mimi siiti katuni hata zikichekesha. Ukipokea yenye sura hiyo, iache ife kwenye simu yako. Nchi jirani, Kenya, Mahakama Kuu mwaka 2017 ilikifuta kifungu cha 194 cha kanuni ya adhabu kilichofanya kashfa kuwa jinai. Anayedai amekashifiwa aende kudai fidia.

Lakini nikwambie kitu ambacho shemeji hawezi kukwambia, kwa kuwa hakimo kwenye vitabu vyake. Mchoraji hupatwa na mahakama mara chache. Zuma alimdai Zapiro mamilioni ya randi kwa katuni ya Septemba 2008, ile iliyoichora Haki kama mwanamke aliyeshikiliwa chini na wapambe wa Zuma. Kesi ikakaa miaka, Oktoba 2012 akaiondoa. Kelele nyingi, hukumu hakuna. Mambo mengine hufanyika kimya. Januari 2015 gazeti la The EastAfrican lilipigwa marufuku kuingia Tanzania, sababu rasmi ikiwa halikusajiliwa, baada ya miaka ishirini ya kuuzwa mitaani bila mtu kuuliza usajili. Mwezi huohuo lilikuwa limechapisha katuni ya Gado iliyomgusa Rais Kikwete. Mwaka uliofuata mkataba wa Gado na kampuni ya gazeti lake Nairobi haukuongezwa. Hapo hakuna pingu wala selo. Kuna barua ya idara ya rasilimali watu.

*Mzee, unatumia nibu gani na wino gani? Na je, tableti inaua sanaa? Nimeambatanisha mchoro wangu wa mgombea ameshika mwamvuli, nipe maoni.* — Kijana, Nakuru

Nibu yoyote inayokubali kubonyezwa ikapanuka, na wino mweusi usiochuja ukipitisha maji juu yake. Brashi ndogo kwa maeneo meusi. Tableti haiui kitu. Wenzangu wa rika langu wanaoilaani ni wale ambao wajukuu wao wamekataa kuwafundisha. Inaokoa karatasi, na mhariri akisema punguza pua, unapunguza pua bila kuchora upya umati mzima nyuma yake.

Mchoro wako nimeuona. Mkono unao, hasa vidole, na vidole ndivyo vinavyowashinda wengi. Ila huo mwamvuli umetoka wapi? Mgombea huyu nimemfuatilia: hajawahi kushika mwamvuli, hajasema neno kuhusu mvua wala mafuriko wala kivuli. Umeuweka kwa sababu unachoreka. Ufute. Kisha rudi kwenye hotuba yake ya uzinduzi, pale aliposema bei ya unga itashuka ndani ya siku mia moja, halafu akakohoa, akanywa maji, akabadilisha mada. Ile glasi ya maji ni yako. Mpe glasi, mwache aishike mpaka siku ya kura, na kila unapomchora punguza maji kidogo. Nitumie ukimaliza.